Taa za sola za kufukuzia fisi: zinafaa, ila ua wa miiba usiondolewe

Taa hizi nilizinunua katika duka la vifaa vya umeme hapa Mombasa kwa ajili ya zizi la mbuzi la familia yetu huko Taru, ambako fisi hutokea upande wa Tsavo Mashariki nyakati za usiku. Huchaji mchana, hujiwasha zenyewe giza linapoingia, kisha humetameta nyeupe na nyekundu bila mpangilio. Huko kukosa mpangilio ndiko kunakozipa thamani, kwa sababu mwanga unaohamahama humfanya mnyama adhani kuna mtu anayezunguka na tochi. Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyelinda ng'ombe wa baba yake kandokando ya Mbuga ya Nairobi, aliligundua jambo hilo kwa simba na kujiundia taa zake mwenyewe.

Kasoro kubwa ni mpira wa kuzuia maji, ambao ni mwembamba mno. Wakati wa masika taa moja iliingia unyevu, kioo kikafanya ukungu kwa ndani, ikawa inazimika kabla ya alfajiri. Muuzaji aliibadilisha, ingawa baada ya mvutano usio wa lazima. Karatasi ya maelezo nayo haisemi kwamba fisi huizoea taa isiyohamishwa. Mzee anayetuchungia mifugo huzihamisha taa kutoka nguzo moja hadi nyingine kila mara, na ua wa miiba ameuongeza badala ya kuupunguza. Namuunga mkono kabisa.

Wapo wanaoulizia kola za uzio wa kidijitali, zinazovalishwa mifugo shingoni, mfano zile za kampuni ya Nofence ya Norwe: mfugaji huchora mpaka kwenye simu, mnyama akiukaribia husikia mlio, na akizidi kwenda hupigwa na umeme mdogo. Nchini Marekani baadhi ya wafugaji huzitumia kuwaweka ng'ombe mbali na mapango ya mbwa mwitu wa huko (wolf) wenye watoto, na hilo ni jambo jema, lakini kola humzuia ng'ombe tu. Mbwa mwitu hupita atakavyo. Mbuzi wetu usiku wamo zizini tayari, kwa hiyo fedha hizo ni heri ziende kwenye taa.

Nunua zisizopungua nne, moja kila upande, ukague mpira kabla ya kulipa, uzifunge usawa wa macho ya fisi zikitazama nje, ili mbuzi wenyewe wapate kulala.