Uzoefu wangu: tamasha la fasihi Mji Mkongwe, chagua mahali kwanza, mwandishi baadaye

Nianze na hukumu ili asiye na muda aishie hapa. Tamasha hili dogo la usomaji na sanaa, linalotawanywa kwenye hamamu (bafu za umma za zamani), nyumba za ghorofa, barza na majahazi ya Mji Mkongwe wa Unguja, linafaa kuhudhuriwa, ila si kila kituo chake. Ratiba inavuta watu kwa majina ya waandishi. Mimi nashauri uisome kwa kuangalia mahali. Mwandishi hodari akiwekwa pasipomfaa hasikiki, na ambaye hujapata kumsikia anaweza kukukalisha mkekani saa nzima kwa sababu ukuta umemsaidia.

Pa kwenda kwanza ni Hamamni. Hamamu zile zilijengwa zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ndani ni mawe, chokaa na kuba tu. Hakuna pazia wala zulia la kumeza sauti. Neno likitoka linarudi, na linaporudi linakuta jengine limeshatoka. Hadithi yenye majibizano ya haraka inafia humo, maana swali na jibu vinasikika kwa pamoja. Utenzi unapona. Kipande kina mizani (silabi) 8, msomaji anavuta pumzi, mwangwi unakwisha, kipande cha pili kinaingia. Shairi la mizani 16 nalo linapita iwapo msomaji anajua kukata baina ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mstari. Likighaniwa kwa mahadhi, kuba lenyewe linakuwa mwitikiaji, na hapo ndipo kiingilio kinapolipa.

Waandaaji wamelifahamu hili nusu. Tenzi wamezipeleka huko, sawa, lakini bado wanaingiza spika. Spika chini ya kuba inarusha sauti kwenye kila ukuta kwa nguvu moja, na aliye nyuma anapata uji wa vokali. Sauti tupu ya mtu inatosha kwa watu 30 hivi, na miili ya hao 30 inapunguza mwangwi. Kaa hatua nne au tano kutoka kwa msomaji, ambapo sauti inayotoka kinywani bado inaishinda ile inayorudi. Ukiegemea ukuta wa mwisho utasikia zaidi ukuta kuliko shairi. Chukua mto mdogo wa kukalia, sakafu ni ya mawe na viti ni vichache.

Vikao vya mchana viko kwenye nyumba za zamani za ghorofa, na huko tatizo ni jengine kabisa. Dari za nyumba zile zinashikwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kupita kiasi, kwa hiyo upana wa chumba unaishia kwenye mita mbili na nusu au tatu. Urefu wa chumba unaweza kuwa mara tatu ya hapo. Kila mwaka naona kosa lile lile: meza ya msomaji inawekwa ncha moja ya chumba kama darasani skuli, watu wanapangwa safu kumi za watu wanne wanne, na kuanzia safu ya sita kwenda nyuma kilichobaki kuonekana ni visogo. Dawa yake haina gharama. Msomaji asimame katikati ya ukuta mrefu, wasikilizaji wakae kushoto, kulia na mbele yake. Hakuna atakayekuwa mbali zaidi ya mita tano, na madirisha yaliyo nyuma yao yanamulika karatasi yake badala ya kuwapiga wao machoni. Ukikuta viti vimepangwa kidarasa, usiingie ukakaa mwanzo. Subiri, kisha kaa ubavuni mwa msomaji. Wasimamizi hawakatazi.

Jambo la ghorofani ambalo si la mzaha ni idadi ya watu. Boriti huanza kuoza pale kichwa chake kinapoingia ukutani, hasa kama bati la juu linavuja, na ukiwa chini huoni kitu kwa sababu sehemu ya katikati inaonekana nzima. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 mbele ya macho ya mji mzima, na baada ya hapo hakuna udhuru wa kujaza chumba cha juu. Tamasha limeweka mtu mlangoni wa kuhesabu watu, na hilo nalisifu hata kama baadhi ya wageni hununa wakirudishwa. Fika robo saa kabla. Kama sakafu inadunda watu wakipita, shuka ukasikilize kutoka uani, sauti inafika.

Sanaa za kuchora zimepangwa na mtu anayezijua kuta hizi, na inaonekana. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta unyevu na kutema chumvi. Picha ya karatasi ikibandikwa moja kwa moja inafanya mawimbi baada ya siku mbili tatu, na gundi inaachia na kuondoka na ganda la chokaa. Msumari haushiki vizuri, na ukilazimishwa unabomoa kipande kikubwa kuliko picha, jambo ambalo katika mji uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 ni aibu na pia kesi. Safari hii kila picha imetundikwa kwa mshipi wa kuvulia uliofungwa kwenye boriti, ikaachwa vidole viwili mbali na ukuta ili hewa ipite nyuma, na chini imewekwa uzito mdogo wa risasi za mishipi upepo usiizungushe. Huoni kamba, unaona picha tu. Kasoro ni maandishi ya maelezo: herufi ndogo mno, na yamewekwa usawa wa kiuno. Anayetaka kuyasoma inabidi ainame kama anayetafuta pete.

Sasa jahazi. Usomaji wa chomboni bandarini Malindi ndio unaopigwa picha kuliko vyote, na ndio unaoharibika kwa urahisi kuliko vyote, kwa sababu mwenye ratiba hapo ni maji. Waandaaji wanapenda mbalamwezi, kwa hiyo wanachagua usiku wa mwezi mpevu, na kwa kufanya hivyo wanajichagulia bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za bamvua hapa Unguja maji hujaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri, kisha hukauka kwenye saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika kama mita nne. Kikao kikipangwa saa mbili na nusu usiku, maji yamo mbioni kutoka. Kabla mgeni wa pili hajasimama kusoma, mkuku (uti wa chini wa chombo) umegusa mchanga, chombo kinaanza kulala ubavu, na watu wa upande wa juu wanateremkia wenzao taratibu na vikombe vyao vya chai. Hakuna hatari kubwa, lakini hakuna anayesikiliza tena.

Kwa hiyo ukiona kwenye ratiba vikao viwili vya jahazi, chukua kile cha jioni, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kasoro, maji yangali mengi. Au, kama tamasha litapanga tarehe upya siku moja, usomaji wa usiku upelekwe kwenye maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, karibu na siku ya saba au ya nane ya mwezi, ambapo maji hujaa kwenye saa nne usiku na hayaendi mbali yakipwa. Mwezi utakuwa nusu, na nusu inatosha kuonea njia. Kila siku inayopita, saa za maji husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo ratiba ya jana usiitumie leo. Muulize nahodha, si kijana mwenye fulana ya tamasha. Vaa viatu vya kuvuka maji ya mguuni, ubao wa kupandia ni mmoja na ni mwembamba. Na kama chombo kimepakwa sifa (mafuta ya samaki ya kupaka mbao) karibuni, usije na kanzu ya Ijumaa wala buibui jipya. Harufu ile haitoki kwa kufua mara moja.

Ngome Kongwe sina mengi ya kusema. Ni mahali pazuri kwa ngoma na taarab, kuna ngazi za kukalia na mitambo ya sauti, na ndiyo maana usomaji wa kitabu pale unakuwa mdogo. Nenda usiku wa ufunguzi, sikiliza hotuba moja, ondoka.

Barza ya Jaws Corner, Soko Muhogo, nilidhani ingeshindwa. Pale pana kahawa, siasa, mpira na bao, na wenyewe hawanyamazii mtu kwa sababu ana karatasi mkononi. Kilichoifanya ifanikiwe ni kwamba waandaaji waliomba mapema, kwa sheha (kiongozi wa mtaa) na kwa wazee wa barza wenyewe, na wakasoma vipande vya dakika tano tano, vya kuchekesha au vya mafumbo, kisha wakaacha watu wajibu. Fumbo la Kitumbatu lilijibiwa kwa Kimakunduchi, Mpemba mmoja akayakataa majibu yote mawili, na ubishi ule ulikuwa na fasihi kuliko mjadala wa jopo wa siku iliyofuata. Riwaya usiilete hapa. Vespa zinapita, wachukuzi na mikokoteni wanapiga hodi, na sentensi ndefu inakatwa mara tatu kabla ya nukta. Vikao vya barza ni bure, ila nunua kahawa na kashata. Muuza kahawa ndiye mwenye ukumbi.

Kuhusu saa, tamasha limejifunza kuheshimu adhana na ratiba imekaa vizuri zaidi kuliko ya matamasha makubwa. Maghrib hapa huingia baina ya saa 12:10 na 12:45 jioni kulingana na mwezi, na Isha zaidi ya saa moja baadaye. Nafasi nzuri za kusoma ni mbili: baada ya Alasiri hadi karibu na Maghrib, na kuanzia saa mbili na robo usiku. Kikao kinachobanwa kati ya Maghrib na Isha huanza na watu wachache, huchelewa, na hukatwa. Ijumaa mchana usitegemee kitu. Mvua za vuli zikiwa karibu, vikao vya uani huhamishiwa ndani bila tangazo. Tazama kwenye ubao wa mlangoni, ujumbe wa simu huja mvua imeshakatika.

Umeme ukizimika, na utazimika, wanawasha jenereta iliyofungwa uchochoroni chini ya dirisha. Uchochoro unaipandisha sauti ile juu, moshi nao unafuata. Taa mbili za chaji zenye mwanga wa njano, zikiwekwa usawa wa kifua cha msomaji na kuelekezwa kwenye karatasi, zingemaliza kazi na zisingekusanya wadudu usoni mwake. Wewe msikilizaji usimsaidie kwa tochi ya simu, unampofua.

Meza ya vitabu ndiyo iliyoniudhi. Tangu Abdulrazak Gurnah apate Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, wageni wanamuulizia yeye, na meza imejaa nakala za Kiingereza. Tafsiri ya Kiswahili ilikwisha siku ya kwanza na haikuongezwa. Diwani za washairi wa Unguja na Pemba zilikuwa chache kuliko fulana. Njoo na fedha taslimu, noti ndogo ndogo, kwani malipo ya simu yanategemea mtandao na ndani ya kuta nene zile mtandao hupotea. Ukihitaji kitabu cha mshairi aliyesoma usiku, muulize mwenyewe baada ya kikao. Wengi wana nakala tano au sita mkobani, na bei yao ni nafuu kuliko ya meza.