SQL Server kwenye Linux, uzoefu wangu hapa Mwaloni Kirumba

Kama una programu ya stoo inayogoma bila Windows na unataka kuhamia Linux (mfumo wa kompyuta wa bure badala ya Windows), mi nakushauri usihangaike kuihamisha programu, hamisha databesi tu, yaani pale data zinapokaa. Ndo tunavyofanya sa hivi kwenye stoo ya dagaa hapa Mwaloni na mambo yako poa.

Jamaa waliotuuzia hii programu ya mauzo ukiwauliza habari za Linux wanakwambia haiwezekani, wakati data zake zote zinakaa kwenye SQL Server (programu ya Microsoft ya kutunza databesi), na SQL Server toka toleo la 2017 inafanya kazi kwenye Linux, tena sio ujanja ujanja, Microsoft wenyewe ndo wanaitoa. Nilianza na Wine, kitu cha kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, programu ikafunguka na menyu zote bosi akafurahi, ila ukigusa kuprinti risiti inajifunga, naona waliitengeneza itafute vitu vya Windows tu. VirtualBox, ya kuendesha Windows nzima ndani ya Linux, nayo inawezekana lakini inakula ramu na humo ndani bado unadaiwa leseni ya Windows, sasa umeokoa nini?

Basi nikaweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwenye kompyuta ya seva, juu yake SQL Server Express ya 2022 ambayo ni bure, nikachukua bakapu, lile faili la .bak, nikalirudisha humo. Hapa watu wengi hukwama: bakapu inakumbuka data zilikaa C: na Linux haina C:, kwa hiyo kwenye amri ya RESTORE weka MOVE uielekeze /var/opt/mssql/data. Makarani wamebaki na Windows zao, nikabadilisha anwani ya seva na kufungua poti 1433 (mlango wa mtandao wa SQL Server), basi. Kuingia tumia yuza na paswedi ya SQL yenyewe, maana kwa akaunti za Windows utahitaji Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za mtandao mzima, na kwa stoo ya dagaa hayo ni makuu aisee.

Kasoro zipo. Ramu chini ya GB 2 haiwaki, databesi mwisho GB 10, na Express haina ile ratiba ya ndani ya bakapu, mi natumia cron, kipanga ratiba cha Linux, kila usiku.

Ila kama programu yako ni ya Access, ile ya faili la .mdb, hii njia sio yako, hapo hamna seva ya kuhamisha ni faili tu. Weka Samba (ya kushea mafaili na kompyuta za Windows) kwenye Linux, kompyuta zilisome kupitia mtandao, na utumie waya bana, waifai ikikatika mtu anaandika faili linaweza kuharibika.