Pikipiki ya kwenda nayo Kaskazini peke yako: ipi ununue Lubumbashi

Mvua za Katanga zikikatika mwezi wa nne, watu wa Lubumbashi huanza kutafuta pikipiki ya safari. Kuna anayetaka kufika Bunkeya kuona makao ya Mwami Msiri, mfalme wa Wayeke aliyeuawa 1891, mwingine ana ndugu Mitwaba au Manono, mwingine hamu yake ni kusimama Pweto na kuliona Ziwa Moero. Wengi wanaingia dukani na swali moja: ipi ina nguvu? Kwa mtu anayekwenda peke yake, kuna maswali mawili yanayotangulia hilo. Ikilala kwenye mchanga, utaiinua mwenyewe? Na ikiharibika, fundi wa kijijini ana kifaa chake? Nimepanga orodha hii kwa maswali hayo mawili, na ndiyo sababu pikipiki kubwa imeangukia mwisho.

Ujue kwanza njia inadai nini. Lubumbashi hadi Likasi ni lami, kilomita kama 120, na pikipiki yoyote iliyo nzima inafika; cha kuogopa hapo ni malori ya madini. Ukiacha lami na kushika njia ya Bunkeya na Mitwaba, unakutana na vumbi jekundu laini linaloficha mashimo, halafu mawe ya milima ya Kibara, upande wa Hifadhi ya Upemba iliyoundwa 1939, halafu mchanga na joto unaposhuka kwenda Manono. Njia ya Kasomeno, Kilwa na Pweto ni ya malori: matairi yao yanachimba mifereji miwili yenye tuta katikati, na gurudumu lako likishaingia kwenye mfereji halitoki kwa urahisi. Tena kuna mito. Baki, yaani kivuko cha kuvushia magari, likiwa limeharibika, unavuka kwa mtumbwi, na hapo pikipiki inabebwa kwa mikono ya watu.

Namba moja ninaiweka jamii ya Bajaj Boxer 150 na TVS HLX. Najua wapo watakaonuna, maana hizi ndizo pikipiki za taksi-moto na hazina sura ya safari. Lakini uzuri wake uko hapohapo. Zinabeba magunia, wagonjwa na wafanyabiashara kila siku, kwa hiyo waya wa klachi, viatu vya breki, buji (plagi) na cheni vyake vinauzwa hata kwenye mji mdogo, na fundi anaifungua bila kuuliza. Injini ya Boxer 150 ina karibu cc 145 na nguvu za farasi 12, tangi linachukua lita 11. Kwenye njia mbaya ukihesabu lita tatu kwa kilomita 100, una zaidi ya kilomita 300 kabla ya kutafuta kadafi wa kukuuzia petroli ya chupa. Uzito wake ni kama kilo 120, unainuka ukitumia miguu na si mgongo. Udhaifu wake ni magurudumu madogo ya inchi 17 na shokomzoba fupi: kwenye mawe utakwenda polepole, na inabidi ukubali. Chukua yenye rimu za spoku, maana spoku zilizolegea zinakazwa kijijini, lakini rimu ya kumimina ikipasuka safari imekwisha. Kati ya Boxer na TVS usichague kwa sifa za muuzaji. Uliza wenye taksi-moto wa mji wa mwisho utakaopita wanaendesha ipi, ukanunue hiyohiyo.

Namba mbili ni Yamaha AG100. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya mashambani, na kila kitu juu yake kinaonyesha. Cheni imefunikwa yote ndani ya boksi, vumbi na matope havifiki. Ina kerio mbele na nyuma, inawaka kwa kiki, na ina uzito wa karibu kilo 100 tu. Kwa mtu mmoja kwenye mchanga, sijaona iliyo nyepesi kuisukuma kama hiyo. Ndiyo pikipiki ambayo wamisionari na wahudumu wa afya walizoea kupanda kwenda vijijini. Haikuwa ya kwanza kwa sababu injini yake ni ya mipigo miwili, inayounguza oili pamoja na petroli, na oili hiyo usitegemee kuikuta njiani, beba yako. Tena mara nyingi utaipata iliyokwisha kutumika. Ndugu yake, AG200, ni ya mipigo minne na ina starta pamoja na kiki. Ukiipata nzima, hesabu ya oili inaondoka, ingawa uzito unapanda.

Namba tatu: Honda XL125 na Yamaha XTZ125. Kwa kuendesha tu, hizi ndizo bora kuliko zote hapa. Gurudumu la mbele la inchi 21 linapanda jiwe badala ya kuligonga, na tumbo la injini liko juu ya tuta la katikati ya mifereji. Ukishazoea kusimama juu ya vikanyagio, Kibara inakuwa raha. Ila kifaa kikivunjika baada ya Likasi, unasubiri kitoke Lubumbashi, na bei yake si ya watu wa taksi-moto. Nunua hii ukiwa na uwezo wa kubeba vifaa vyako mwenyewe na kujua kuvifunga. Pia kama una miguu mifupi, kalia kwanza: kwenye kivuko mguu usiofika chini unakuangusha.

Pikipiki za bei ya chini kabisa za cc 125, zile zinazobadilika jina kila mwaka, zinafaa kwa kazi ya mjini. Kwa Manono, hapana. Boliti zinajilegeza kwa mtikisiko, na fundi hajui kifaa cha mwaka huu kinaingiliana na cha mwaka jana au la.

Mwisho ni pikipiki kubwa za utalii, zenye kilo 200 na zaidi. Ni nzuri, na kwenye lami ya Kolwezi zinapendeza. Lakini peke yako, zikilala kwenye mchanga wa moto, unakaa chini kusubiri wapita njia, na hakuna mtumbwi unaozipokea kwa furaha.

Kama unanunua iliyotumika, fika asubuhi bila kumwambia muuzaji saa. Shika silinda kabla hajaiwasha. Ikiwa ina joto, ameshaiwasha kabla yako ili usisikie inavyosumbua ikiwa baridi. Halafu fungua boksi la filta ya hewa, na hapa usiharakishwe. Toa filta, pitisha kidole upande wa ndani, ule unaoelekea kabureta. Kidole kikitoka safi au na oili kidogo, endelea. Kikitoka na unga mwekundu, injini imekula vumbi la barabara kwa muda mrefu, silinda imeshakwaruzwa, na rangi mpya ya tangi haitarudisha kitu. Achana nayo hata ikipunguzwa bei. Kisha vuta cheni kwa nyuma kutoka kwenye meno yake: ikiachia nusu ya jino ionekane, cheni na meno yote ni vya kubadilisha, ukate gharama hiyo kwenye bei.

Karatasi ni sehemu ya pikipiki. Namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi ya waridi (kadi ya usajili), tarakimu kwa tarakimu, maana kwenye bariyeri (vizuizi vya barabarani) za mbali ndiyo wanayoisoma. Kwa Upemba, tafuta ruhusa ya hifadhi kabla ya kutoka mjini, na hali ya usalama ya Mitwaba uliza wiki hiyohiyo unayoondoka kwa madereva wanaotoka huko.

Bakiza pesa ya matairi. Yale ya dukani ni ya lami. Weka yenye meno makubwa, na ubebe tyubu mbili, waya wa klachi, kiungo cha cheni, buji na kitambaa safi cha kuchujia petroli ya chupa, kwani mara nyingine ina maji ndani.

Pikipiki ikiwa mpya kabisa, usiondoke nayo siku ya kununua. Itembeze taratibu Kasumbalesa na kurudi, kwenye lami, bila kuikamua. Ikikaribia kilomita 500 mwaga oili ya kwanza, kaza spoku na boliti zote, rekebisha cheni, ndipo ufunge mzigo.