Jina la .co.ke kwa biashara ndogo: maoni ya mchapishaji wa River Road

Kazi yangu ni kuchapisha. Kadi za biashara, kalenda, vitabu vya risiti, mabango ya maduka, stika za magari ya kusambaza mizigo. Tovuti sitengenezi, lakini anwani za tovuti na barua pepe hupita mikononi mwangu kila siku, kwa kuwa ndizo hukaa chini ya kila kadi. Jina la kikoa, yaani ile anwani yenyewe ya tovuti, likifa, mteja hawezi kurudi kwenye kadi elfu moja alizokwisha kugawa akafuta mstari wa mwisho. Ndiyo sababu nilianza kuwasajilia wateja majina hayo, na nimekuwa nikiyalipia na kuyahamisha kwa miaka, mengine ya .com na mengine ya .co.ke.

Haya ni maoni yangu kuhusu .co.ke kama bidhaa. Kwa duka la hapa Nairobi ningeichagua kabla ya .com bila kusita, mradi jina liandikwe kwa mwenye biashara na si kwa fundi wake wa tovuti.

Kwanza bei, maana ndilo swali la kila mteja. .com inauzwa kwa dola. Kampuni ya Verisign ya Marekani, inayotunza daftari la majina yote ya .com, ilipandisha ada yake Septemba 2024 hadi dola 10.26 kwa kila jina kwa mwaka, na wanaoilipa ni mawakala, yaani kampuni zinazotuuzia majina. Kwa dola ya shilingi 129 hivi, hiyo ni zaidi ya shilingi 1,300 kabla wakala hajaweka faida yake. Basi ukiona tangazo la .com kwa shilingi 200, jua kuna mtu anayefidia, na mara nyingi ni wewe mwenyewe mwaka wa pili. Tena kuna suala la shilingi yenyewe. Januari 2024 dola ilipofika karibu shilingi 160, wateja wangu wenye .com walilipa bei ambayo hawakuizoea, na hakuna aliyekuwa ameuza zaidi. Wenye .co.ke hawakuguswa, kwa sababu bei yao iko kwa shilingi. Mwaka huu nimelipa shilingi 1,160 kwa jina moja, yaani elfu moja na VAT ya asilimia 16 juu yake, kwa Paybill ya M-Pesa, na risiti ya eTIMS, ile ya kodi, ikaja kwenye barua pepe siku hiyohiyo. Risiti hiyo ni jambo kubwa kwa mfanyabiashara anayetaka matumizi yake yatambuliwe na KRA, mamlaka ya mapato. Tovuti za kigeni hazitoi.

Kununua ni rahisi. Daftari la .ke linatunzwa na KENIC, ambao ofisi zao ziko Waiyaki Way kwenye jengo la Mamlaka ya Mawasiliano, na wewe unanunua kupitia wakala aliyeidhinishwa nao. Mawakala ni wengi, wengine wana ofisi hapa katikati ya jiji ambapo unaweza kupanda ngazi ukaongea na mtu. .co.ke haiulizi cheti cha usajili wa biashara. Unatafuta jina, kama lipo wazi unalipa, na baada ya muda mfupi ni lako. Shule na serikali ndizo zinazobanwa: .sc.ke ni ya shule za msingi na sekondari, .ac.ke ya vyuo, .go.ke ya serikali, na hizo zinadai barua na stakabadhi. Kubanwa huko nakupenda, kwa sababu mzazi akiona .sc.ke kwenye barua ya karo ana sababu ya kuiamini. Tangu 2017 unaweza pia kununua .ke tupu bila hiyo co katikati. Inapendeza kwenye bango, lakini bei yake iko juu, na kwa muuza vipuri wa Kirinyaga Road sioni anachopata zaidi.

Ushauri wangu wa kiwandani juu ya jina lenyewe: litamke kwa sauti kwenye simu, ukiwa umesimama barabarani, kabla hujalipa. Kistari hupotea kwenye simu. Ritifaa, ile alama ya ('), nayo haikubaliki kabisa kwenye kikoa, ni herufi, tarakimu na kistari basi, kwa hiyo biashara yenye Murang'a au Ng'ang'a kwenye jina lake ina tahajia moja kwenye bango na nyingine kwenye anwani. Mimi huwaambia wateja wa namna hiyo tuchapishe anwani kwa herufi ndogo na kwa mwandiko tofauti kabisa na jina la duka, ili macho ya msomaji yasizichanganye.

Sasa kulipia kila mwaka. Hapa ndipo pesa na heshima za watu hupotea.

Nikipokea oda yenye anwani ya tovuti, kabla sijagusa mashine naingiza lile jina kwenye ukurasa wa WHOIS wa KENIC, ambapo mtu yeyote anaweza kutazama taarifa za jina. Kwa .com natumia ukurasa wa utafutaji wa ICANN, shirika la California linalosimamia mfumo wa majina duniani. Natazama mambo mawili, tarehe ya kuisha na wakala anayelishika jina. Mwezi wa Novemba, msimu wa kalenda, ukaguzi huu ndio unaookoa watu. Mama mmoja anayeshona sare za shule aliniletea oda ya kalenda 500, nikaona jina lake linaisha Februari. Nikamwambia, "Mama, kalenda hii itakaa ukutani mpaka Desemba, na anwani iliyo chini yake inakufa mwezi wa pili." Akashtuka: "Kijana wangu, si fundi hulipa?" Hakujua kama fundi hulipa, wala hakujua jina liko kwa akaunti ya nani.

Lilikuwa kwa akaunti ya fundi. Fundi alikuwa amekwenda Qatar kufanya kazi. Barua pepe ya akaunti ilikuwa yake, nambari ya simu ilikuwa laini yake ya hapa ambayo haikuwa hewani tena, na kila ukumbusho wa malipo ulikuwa unamfikia mtu aliyeko Doha ambaye hana haja nao. Wakala, ambaye sitamtaja, alisema anamtambua mwenye akaunti peke yake. Ilibidi mama aandike barua yenye nembo, aambatishe cheti cha usajili wa biashara na nakala ya kitambulisho, na hata hivyo hakuna kilichosogea mpaka mwanawe alipompata yule fundi WhatsApp, naye akakubali kutoa akaunti. Simlaumu wakala kwa kulinda akaunti. Kama angeikabidhi kwa barua tu, mwizi yeyote angeweza kuja na barua. Namlaumu kwa jambo lingine: alichukua pesa za mama huyu miaka yote kupitia fundi, na hakuwahi kuwa na mahali pa kuandika kwamba mwenye biashara ni nani.

Ndiyo maana sasa kwenye fomu yangu ya oda kuna mistari miwili ambayo siijazi mimi. Mmoja ni barua pepe ya mwenye biashara, na iwe ya Gmail au nyingine isiyotegemea kikoa hichohicho, kwa sababu jina likizimika, barua pepe iliyo juu yake inazimika nalo, na ukumbusho hauna pa kufika. Mwingine ni nambari ya simu ya M-Pesa ya mwenyewe. Nenosiri la akaunti anaweka yeye mwenyewe mbele yangu, na mimi nageuka upande.

Kwa upande wa .com kuna sheria inayomlinda mteja kidogo. ICANN inamtaka wakala akukumbushe mwezi mmoja hivi kabla ya jina kuisha, tena wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku tano baada ya kuisha. Jina likishafutwa na wakala kuna siku 30 za kulikomboa, kwa ada ambayo kwa kawaida ni mara kadhaa ya bei ya mwaka, kisha siku tano za mwisho ambazo halikomboleki, na hapo linaachiwa yeyote. Kanuni hizi hazihusu .ke, kwa kuwa kila nchi hujiwekea zake, na za kwetu ziko kwa KENIC. Mimi kwa .co.ke sitegemei muda wa huruma hata kidogo. Nalipa mwezi mmoja kabla, na mteja mwenye kalenda namlipisha miaka miwili kwa mkupuo.

Jihadharini pia na ankara za uongo. Huja kwenye barua pepe zikiwa na jina la kikoa chako sawasawa, tarehe karibu na ya kweli, na kiasi kikubwa cha dola, zikidai ulipe leo la sivyo tovuti inafungwa. Nyingine zinasema kuna kampuni China inataka kusajili jina lako na una nafasi ya kwanza. Anayekudai kihalali ni yule wakala anayeonekana kwenye WHOIS, basi. Mwingine yeyote, futa.

Kuhamisha ndiko watu huogopa, na ndiko mimi naipima kampuni. Wakala mzuri unamjua siku unapomuaga. Hatua zenyewe si nyingi: unafungua kufuli ya jina kwenye akaunti yako, unaomba msimbo wa EPP, ambao ni kama nenosiri la kuhamishia jina, unaupeleka kwa wakala mpya, unathibitisha kwa barua pepe. Kwa .com, wakala wa zamani ana siku tano za kukupa msimbo, uhamisho unakuongezea mwaka mmoja juu ya uliobaki, ila jumla isizidi miaka 10, na jina lililosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita linaweza kukataliwa kuondoka. Kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho.

Msimbo wenyewe una matata ya kitoto yanayokula muda. Ni mchanganyiko wa herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama, na watu huuandika kwenye karatasi wakati wa kupiga simu. Sifuri inakuwa herufi O, l inakuwa 1, na wakala mpya anajibu kwamba msimbo si sahihi. Ukopi, ubandike, usiusome kwa mdomo. Na usiutume kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi, kwa sababu aliye nao, kufuli ikiwa wazi, anaweza kuondoka na jina.

Kuna jambo moja ambalo mawakala hawalisemi mapema, nami nalisisitiza kwa kila mteja. Kuhamisha jina si kuhamisha tovuti wala barua pepe, lakini kama seva za majina, yaani kompyuta zinazoelekeza jina kwenye tovuti na barua pepe zake, ni za wakala wa zamani, ukiondoka anaweza kuzizima, na hapo barua pepe za biashara zinaanza kurudi kwa waliozituma. Tovuti ikizimika mtu atakupigia simu akuambie. Barua pepe ikizimika hakuna anayekuambia, na oda zinakwenda kwa mwingine. Kabla ya kuhamisha, fungua ukurasa wa DNS, wenye maelekezo hayo, upige picha rekodi zote, hasa MX zinazoelekeza barua pepe na zile za TXT ambazo huonekana kama takataka lakini ndizo zinazozuia barua zako kutupwa kwenye spamu. Ziandike kwa wakala mpya kwanza, zijaribu, ndipo ubadilishe seva. Nimeona uhamisho wa .co.ke uliofanywa hivi, mwenye duka la vitambaa Biashara Street akiendelea kujibu barua za wateja wake kana kwamba hakuna kinachoendelea.

Kati ya mawakala niliowatumia hapa mjini, ninayebaki naye hana bei ya chini kuliko wote. Ana mambo matatu yaliyonishika: bei ya mwaka wa pili imeandikwa kando ya bei ya kwanza kabla hujalipa, msimbo wa EPP unaupata mwenyewe kwenye akaunti bila kumwomba mtu, na ukipiga simu anapokea mtu wa hapa anayekuelewa ukimweleza kwa Kiswahili kwamba barua pepe imegoma. Yule niliyemwacha alikuwa na bei ya mwaka wa kwanza iliyopendeza sana, kisha msimbo ukawa unaombwa kwa tiketi, tiketi ikafungwa bila jibu, ukafungua nyingine.

Bidhaa yenyewe, .co.ke, naipa nyota nne kwa tano. Bei iko kwa shilingi, unalipa kwa simu, mteja wa Nairobi akiiona anajua duka liko karibu. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya ukumbusho. Mawakala karibu wote niliowatumia wanakumbusha kwa barua pepe peke yake, na mwenye kinyozi au duka la nyama hafungui barua pepe wiki nzima. Simu anayo mkononi, na M-Pesa inamtumia SMS kwa kila shilingi inayotoka. Tumeni SMS, kwa Kiswahili, siku 30 kabla, mkitaja jina la kikoa, kiasi na nambari ya Paybill. Na mtume kwa mwenye biashara, si kwa fundi.