Wakili wa mambo ya ardhi mjini kati Mwanza: nyota nne, moja nimeikata kwa kuchelewa

Jamani nilishakata tamaa. Mi mpangaji tu huku Buhongwa, nimekodi chumba na sebule na kipande cha nyuma nalima mchicha na mipapai, sasa wakaja watu wa bomba kubwa la maji wakachomeka vigingi katikati ya tuta, mama mwenye nyumba akaniambia mwanangu fidia ni ya mwenye hati, we vuna mboga zako upishe. Jirani ndo akanielekeza kwa huyu wakili, jina nalibana maana sijamuomba ruhusa.

Kusikilizwa ni 30,000, risiti mpaka uidai. Na beba mkataba wa pango, mi nilienda mikono mitupu nikarudishwa nyumbani. Aliahidi kuja kuona eneo saa tatu akatokea saa tano na nusu, eti foleni ya Mkolani, haya.

Ila alipofika, dah, jamaa anajua kazi. Akafungua Sheria ya Ardhi ya 1999 kwenye simu tukasoma wote watatu: bomba likipitishwa kwako kuna fidia ya matumizi ya ardhi, na juu yake ya miti, mazao na majengo yanayoharibika, na sheria inamtazama hata yule anayeikalia ardhi, sio mwenye hati peke yake. Anayelipa ni taasisi iliyoomba njia, kwa hiyo msigombane bure na vibarua wa sururu. Mama akabaki anachezea upindo wa kanga.

Kisha akahesabu mipapai mmoja mmoja, 14, mpaka miche miwili niliyokuwa naiona takataka, akapiga picha kigingi na shina pamoja. Akasema mthamini akija usisaini fomu yenye nafasi tupu au idadi isiyo sawa, na usipande kipya baada ya kuthaminiwa, hakihesabiwi. Uzoefu anao, kashawahi kuhangaika na waguswa wa Geita, yaani watu ambao mradi umepita kwenye maeneo yao, kule linakopita bomba la mafuta la Hoima mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443.

Jioni simu hapokei, mjue.

Fomu sasa ina jina langu kwenye mazao na la mama kwenye ardhi. Hela bado hazijaingia, ila mchicha wa kwenye vigingi nimeuvuna, nusu nikampelekea mama.