Kisu changu cha kukunja baada ya miaka 2: nimekifungua chote

Kilipoanza kusaga kila nikikifungua, kama kimelamba mchanga, nilijua siku ya kukivua nguo imefika. Hadi hapo sikuwa na malalamiko. Bapa la inchi 3, mpini mwepesi wa plastiki ngumu, na ndani vibamba viwili vya chuma. Kimoja ndicho loki: bapa likifika mwisho, ulimi wake unaruka nyuma ya kitako na kulizuia lisirudi vidoleni.

Karatasi ya dhamana inasema ukikifungua skrubu, dhamana imekufa. Nikaifungia kwenye droo.

Bisibisi ya kawaida haifai kitu hapa. Skrubu zina tundu la nyota ya ncha 6, aina ya Torx: ile kubwa ya kwenye bawaba inataka bisibisi ya saizi T8, za mpini na za klipu ya kuning'iniza mfukoni T6. Kabla ya yote nilifunga makali kwa utepe wa karatasi, maana bapa likishaachana na mpini halina adabu.

Kilio changu kikubwa kiko hapa. Kiwandani walimwaga gundi ya kushikia nyuzi za skrubu bila huruma, hadi kwenye skrubu za klipu. Moja iligoma, nikaongeza nguvu, biti, yaani ncha ya bisibisi, ikateleza na nyota ikageuka duara. Nilikasirika, ila kosa nusu ni langu. Zilizofuata nilizipuliza kwanza kwa draya ya nywele, gundi ikalegea, zikatoka bila ugomvi.

Ndani kulikuwa na aibu. Nyuzi za mfukoni zimejisokota na mafuta ya zamani zikawa uji wa kijivu. Washa mbili za shaba, vile visahani vyembamba vyenye tundu, moja kila upande wa bapa, zilikuwa na duara jeusi. Spiriti, mswaki mkuukuu na pamba za masikio vilimaliza kazi. Piga picha kila hatua. Mimi nilijiamini, na nitalipia jambo hilo hapa chini.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni kigololi kilichopachikwa kwenye ulimi wa loki, kidogo kuliko kichwa cha pini. Kisu kikiwa kimefungwa, hicho ndicho kinachozama kwenye kitobo cha bapa ili lisijifungue mfukoni. Kwa miaka 2 kimechora upinde mwembamba unaong'aa kwenye chuma. Nikaupa upinde huo tone moja la oili, na kila washa tone moja. Pale loki inapogusa kitako cha bapa niliacha pakavu: mafuta yakifika hapo loki inaweza kuteleza.

Kurudisha ndiko kulikonitoa jasho. Nilikaza kila kitu, nikafungua kisu kwa madaha, na bapa likapitiliza, likainama nyuma kama shingo iliyovunjika. Kutazama chini ya kitambaa: kipini kinachosimamisha bapa kimelala pale kinanitazama. Nikaanza upya.

Mara ya pili shida ilikuwa skrubu ya bawaba. Ukiikaza sana bapa halisogei, ukiilegeza linacheza kushoto na kulia. Nilikaza hadi mchezo ukaisha, nikarudisha nyuma kidogo mno, labda sehemu moja ya nane ya mzunguko. Bapa lilikuwa limeegemea upande mmoja. Kulegeza skrubu za mpini na kuzikaza kwa zamu kukalirudisha katikati. Mwisho gundi ya nyuzi, ile ya bluu, tone dogo kwenye nyuzi za skrubu ya bawaba tu, isije ikatiririkia kwenye washa.

Ilinichukua saa moja na nusu. Sasa kinafunguka kwa kidole gumba bila sauti ya kusaga. Kama kisu ningekinunua tena. Kwa gundi yao nawakata nyota moja. Ile skrubu iliyolika bado imo, na klipu imebaki upande nisioupenda.