Tiketi ya Arusha, mimi nimesimama KIA

Msiniulize ndege ilikuwaje. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa toka huku kwetu hadi Dar kwa angani ni kilomita kama 450, saa moja umefika. Haya. Saa hiyo moja mimi ilinila siku nzima.

Naishi Moshi, na kwa mtu wa Moshi uwanja wa ndege ni KIA, ule wa kimataifa wa Kilimanjaro, basi. Wiki kadhaa zilizopita niliingia ofisi moja ya tiketi hapa mjini, nikamwambia binti wa kaunta nina harusi Dar. Akabonyezabonyeza, akasema, "Mama, kuna ya saa tano, bei nzuri." Nikalipa. Hakuniuliza nitapandia wapi. Na mimi, haya, sikuuliza.

Siku yenyewe nikafika KIA mapema, na begi langu na mkungu wa ndizi mshare wa kumpelekea dada. Askari wa mlangoni akaisoma karatasi, akanitazama kwa huruma. "Mama, hii siyo ya hapa. ARK ni Kisongo. Sisi ni JRO."

Kumbe hizo ni herufi za viwanja kwenye tiketi, na ARK ni ule uwanja mdogo wa Arusha wenyewe. Kisongo! Yaani nipite Usa River, nipite Tengeru, niukate mji wote wa Arusha, nitokee kule njia ya Dodoma. Kilomita 60 hivi juu ya zile 40 nilizotoka nazo Moshi.

Nikampigia yule binti. Wala sikutaka hela, nilitaka pole. Akanijibu, "Si imeandikwa Arusha, mama? Hukusoma?" Akakata simu. Mtoto ambaye ningeweza kumzaa! Mpaka leo nikiosha vyombo nakumbuka ile "hukusoma" nasugua sufuria mpaka linalia.

Teksi ilinitoza hela ambayo kwa basi ningeenda Dar na kurudi. Tengeru ilikuwa siku ya gulio, malori, mikokoteni, akina mama na matenga yao, sisi katikati tunasota. Nilishajua ndege imeniacha.

Haikuniacha. Imechelewa! Kijana wa Kisongo akanipokea begi, "Shikamoo mama, pole na safari, kaa kwanza upumue." Nilitaka kulia. Akapima mizigo, mwisho kilo 15, ule mkungu nikamwachia dereva wa teksi. Ndege yenyewe kadogo, rubani unamwona kisogo. Lakini tulivyopanda, Meru huyu hapa, Kilimanjaro yule pale, kilele cheupe juu ya mawingu. Miaka yote naanika nguo chini ya mlima ule, sijawahi kuuona hivyo. Nikasema moyoni, kumbe binti kanifanyia hisani.

Halafu ikatua Unguja. Watalii wakashuka, sisi tukangoja, ndipo ikavuka bahari kama dakika 20 hadi Dar. Hilo nalo hakuniambia! Bibi harusi nilimkuta ameshaingia ukumbini.

Baadaye nilivaa miwani nikaisoma ile tiketi vizuri. Imeandikwa Arusha, ARK, via Zanzibar, herufi kubwa kabisa. Sawa. Lakini kazi ya mtu wa kaunta ni nini, kama si kumwambia mteja aliyetoka Moshi kwamba Arusha hiyo siyo KIA?

Nilitaka kuwaambia msikanyage pale. Juzi nimepita, yule binti kanisimamisha barabarani, "Shikamoo mama, harusi ilikwendaje?" Nimeitikia marahaba, kwa shingo upande. Mwezi ujao nina safari tena, na bei yao ndiyo ya chini kuliko wote niliowauliza.